Sahani Ziliporuka kwa Salamu

Wanangu, kabla sijaanza, aliyekaa nyuma yangu na azunguke mbele. Wewe mwenye simu pia. Naam, hapo nawaona nyote. Sababu mtaijua, msiwe na papara.

Mie ni Bi Riziki wa Takaungu, na kazi yangu ya utu uzima wote ilikuwa kubonyeza kitufe. Msicheke. Najua mnavyosema mkipita barazani kwangu, ati bibi yule alilishwa na kidole kimoja. Ni kweli, alilishwa. Lakini kidole hicho kilikuwa na chuo chake na mwalimu wake, na kwa kuwa nyinyi mnataka kazi kule kiwanja cha shabaha, nyuma ya mashamba ya mkonge, na mmekuja wenyewe kuniuliza, basi mtasikiliza mpaka mwisho.

Mchezo wenyewe mmeuona kwa mbali tu, mkadhani ni vita. Watu watano husimama mstari mmoja, kila mmoja na bunduki yake ya marisau, zile risasi ndogo ndogo kama punje. Mbele yao pana shimo lililoezekwa, na ndani ya shimo umekaa mtego, yaani mtambo wenye mkono wa chuma unaorusha sahani. Mpigaji akiwa tayari huita, "Vuta!" Mie niliyeketi nyuma yao nabonyeza, sahani inaruka, naye hajui kama itakwenda kushoto au kulia mpaka aione. Akiivunja, kapata. Asipoivunja, mwandishi wa alama husema "Imepotea," na mtu mzima na heshima zake huanza kulaumu jua, upepo na fundi viatu wake.

Sahani hizo si za pilau. Zatengenezwa kwa lami na vumbi la chokaa, ukubwa wa kiganja, na kosa langu la kwanza katika kazi lilikuwa juu yake. Nilianza kama mwokota vigae, nafagia vipande uwanjani, tena nikapewa ufunguo wa ghala. Nikaona boksi za sahani zimekaa barazani penye upepo, nikasema hivi ni vitu vya thamani, nikazipanga ndani chini ya bati. Joto la Kaskazi mnalijua. Zilikaa humo wiki mbili, zikalainika. Siku ya mchezo watu walipiga, marisau yakapita, sahani zikatua chini nzima nzima. Na sheria ni kwamba sahani iliyotoboka bila kumeguka haihesabiwi, hata iwe na matundu ishirini. Bwana mmoja akaokota yake, akaniletea mpaka mkononi, akaniuliza kwa upole kama ningependa kuichukua nyumbani nikachujie tui.

Basi sahani huwekwa kivulini penye upepo. Hilo la kwanza, liandikeni.

Mwenye kitufe zamani zile alikuwa Mzee Charo, mtu wa milima ya Rabai, mrefu, mkimya, mwenye kofia ya ukindu asiyoivua hata kwa waziri. Kiti chake kilikuwa kirefu, kimeegemezwa ukuta wa banda, na hakuna aliyeruhusiwa kukisogeza hata kwa kufagia. Wapigaji walimsifu kote pwani. Walisema Mzee Charo ana masikio ya paka, mtu hajamaliza kuita na sahani iko hewani.

Sasa siku moja nafagia karibu na kiti chake, nikaona nyoka amejikunja chini yake, kipande cha nyoka, si mchezo. Nikamwambia, "Mzee, chini ya kiti chako pana nyoka."

Akanitazama kwa furaha, akasema, "Salama, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

Nikarudia kwa sauti. Akanambia mvua hawajaipata bado, lakini wanamshukuru Mungu.

Nilisimama na ufagio wangu, nikafahamu. Mzee Charo alikuwa kiziwi. Si kiziwi kidogo, kiziwi kamili kama gogo la mnazi! Bunduki zilikuwa zimemla masikio zamani, na mtu yule alikuwa akiishi kwa hesabu moja tu: hapa kwetu hakuna anayekuja kwako bila kukusalimu kwanza. Basi mdomo wowote uliofunguka mbele yake aliujibu salama, akauliza na watu wa nyumbani. Mara tisa kwa kumi alikuwa sahihi. Ile ya kumi ilikuwa nyoka.

Yule nyoka nilimfukuza kwa ufagio. Mzee aliona nilichofukuza, na akaona kwamba nimeona. Kesho yake akaniita, akanionyesha nafasi kando ya kiti, na hapo ndipo nilipoanza kusomeshwa.

Nilimuuliza swali ambalo kila mwanagenzi huuliza, kwa nini wanaita "Vuta" na sisi twabonyeza. Alikuwa akinisoma mdomo, kwa hiyo nilijifunza kusema naye taratibu, uso kwa uso. Akanieleza kwamba zamani za zamani, huko Uingereza mchezo ulikoanzia, hawakurusha sahani. Waliweka njiwa hai ndani ya visanduku, mtu akavuta kamba, kisanduku kikafunguka, njiwa akatoka mbio na roho yake. Ndiyo maana mpaka leo sahani wengine huiita njiwa. Baadaye watu wakaona haya, wakageukia mipira ya kioo, na wengine wakaijaza manyoya ndani ili ikipasuka ifanane na ndege. Nilimwambia Mzee Charo anidanganye kwa mengine, si kwa hilo la kutia manyoya ndani ya kioo. Akaapa. Baadaye nikaja kujua kuwa ni kweli tupu. Kuishi kwingi ni kuona mengi, na kuishi na matajiri ni kuona zaidi.

Siri yake ya kubonyeza alinipa kidogo kidogo. Usingoje sauti, alisema, sauti ni ya kuchelewa. Tazama shavu linapolala kwenye kitako cha bunduki. Tazama kiwiko kinapotulia. Na kwa kuwa umekaa nyuma ya mtu, tazama taya lake pale chini ya sikio, kwa sababu hakuna binadamu awezaye kuita bila taya kushuka. Likishuka, bonyeza. Ukibonyeza mapema, mpigaji ana haki ya kuikataa sahani, ashushe bunduki, arushiwe nyingine. Lakini akiipiga, amekwisha kuikubali, hata kama iliruka mapema, hawezi kulalamika tena. Mzee Charo aliipenda sana sheria hiyo. Alisema hata mkewe alimwoa kwa sheria hiyo.

Shida yangu ilikuwa salamu. Mie ni mtoto wa chuo cha Kurani, nimesomeshwa kwamba kutoa salamu ni sunna na kuitika ni wajibu. Sasa nimekaa kitini, macho kwenye taya la mtu, anapita bwana mmoja, "Salaam aleikum, Bi Riziki." Nageuka, naitika vizuri, nauliza na hali ya mama. Nikirudi, mpigaji amekwisha kuita mara mbili na amegeuka rangi kwa hasira. Nikamweleza Mzee Charo kwamba siwezi kumkosea Mungu kwa ajili ya sahani ya lami. Mzee akafikiri, akanambia niitike kwa kichwa na kwa moyo, mdomo utamalizia baadaye. Basi nikawa naitikia kwa kichwa. Miaka mingi watu walidhani nina mtikiso.

Na jambo la mwisho alilonipa siku anarudi kwao Rabai lilikuwa kile kiti. Akashika mgongo wake, akanambia nisikitoe ukutani. Nilidhani ni mambo ya wazee, labda tego la uchawi. Sikumwelewa mpaka masikio yangu mwenyewe yalipoanza.

Yalianza kwa filimbi. Filimbi nyembamba, ndani ya kichwa, hata usingizini. Zamani zile hatukuvaa kitu, wanangu. Wapigaji wengine walijitia pamba, na mie niliona pamba ni ya maiti. Sikio la kushoto likaenda kwanza, likaenda moja kwa moja. La kulia likabaki linasikia kama mtu aliye chini ya maji. Nikafanya alivyofanya mwalimu wangu. Nikatazama mataya, nikaegemea ukuta ili asinijie mtu kwa nyuma, na kila mdomo uliofunguka mbele yangu nikaujibu "Alhamdulillahi, wote wazima." Wakaanza kunisifu kwamba nina masikio ya Mzee Charo. Wallahi hawakujua walivyosema kweli.

Nilificha, ndiyo. Niliogopa. Mume wangu alikuwa amefariki, watoto wako masomoni, na kitu kimoja nilichokijua duniani kilikuwa kile kiti. Nani angemweka kiziwi kwenye kazi ya kusikia?

Hapo ndipo akaja Bwana Athmani na mashine yake.

Bwana Athmani ni mtu wa Mambrui, mwungwana, kanzu yake haina kunjo, na ndiye aliyekuwa katibu wa klabu. Alikuwa amesafiri, akaona huko kwamba hakuna tena mtu wa kitufe. Kuna kinasa sauti kinachowekwa chini mbele ya kila mpigaji, akiita tu, chenyewe kinarusha. Akaileta. Akanambia mwenyewe, kwa adabu zote, kwamba siku ya mashindano ya kombe la pwani wataijaribu nusu ya kwanza, na mie nitafanya nusu ya pili, kisha kamati itaamua. Nilimsoma mdomo neno kwa neno. Nikaitikia kwa kichwa. Nikaenda nyumbani nikalia.

Fikirini hali yangu. Mie nisiyesikia nashindanishwa na kitu ambacho kazi yake yote ni kusikia.

Siku ikafika. Watu wakaja kutoka Malindi, Kilifi, mpaka Mombasa. Na kwa sababu ya nyaya za mashine, mafundi walikuwa wamekitoa kiti changu ukutani, wamekiweka katikati ya uwanja wazi, nyuma yangu pengo tupu. Nikataka kusema, nikaona nitaulizwa kwa nini. Nikakiacha pale pale.

Mashine ikaanza vizuri. Bwana wa kwanza akaita, sahani ikaruka. Wa pili akaita, ikaruka. Bwana Athmani akasimama kifua mbele. Wa tatu anaweka bunduki begani, hajatulia bado, mara akaingia mzee mmoja wa Sabaki, mgeni wa heshima, na bakora yake, na kama ilivyo ada hakuweza kuingia mahali penye watu akanyamaza. Akatoa salamu kwa kifua chote.

Sahani ikaruka.

Uwanja mzima ukamwitikia mzee, maana ni wajibu. Sahani nyingine ikaruka. Mpigaji akageuka kutazama kulikoni, watu wakaangua kicheko, ikaruka ya tatu. Bwana Athmani akapaza sauti akiomba watu wanyamaze. Ya nne. Akarudia kwa ukali zaidi, ya tano ikapita juu ya kofia ya mwandishi wa alama. Maskini mzee wa Sabaki alidhani ndiyo heshima aliyoandaliwa, akavua kofia, akashukuru kwa maneno marefu, na kila alipovuta pumzi akaanza tena, mtego ukamjibu.

Mie sikusikia hata kimoja katika hayo. Niliona tu midomo ikifunguka na sahani zikiruka, nikaelewa yote. Mashine ile ilikuwa na adabu kunishinda. Hakuna salamu iliyoiacha bila kuitika.

Wakajaribu kuipunguza masikio kwa skrubu. Ikawa haisikii kabisa, mpigaji anaita mpaka mishipa inamtoka. Wakaiongeza, akakohoa mtu. Mwisho Bwana Athmani mwenyewe, kwa ishara za mikono kwa sababu hakuthubutu kusema, akawaamuru wachomoe nyaya, akanielekeza kitini.

Nikaketi. Nikasema bismillahi moyoni. Watu watano, sahani ishirini na tano kila mmoja, jumla mia na ishirini na tano, na kwa kila moja ningeweza kufedheheka. Mtu aliyenitisha alikuwa daktari wa meno kutoka Malindi, kwa sababu alikuwa na tabia ya kulaza shavu, kuliinua, kulilaza tena, na huku anatafuna karafuu. Taya lake lilikuwa halitulii hata dakika. Nikamtazama mara ya kwanza jasho likinitoka kwenye kope. Kisha nikagundua kwamba kabla ya kuita huacha kutafuna. Taya husimama, halafu hushuka mara moja. Basi nikawa nangoja karafuu isimame. Sahani zake ishirini na tano zote ziliruka kwa wakati, akavunja ishirini na tatu, na kombe likamwendea yeye.

Haikukataliwa sahani hata moja. Watu wakapiga makofi. Niliyaona. Nikakaa pale kitini, namshukuru Mungu na Mzee Charo.

Na hapo ndipo nilipoharibu.

Bwana Athmani, kwa uungwana wake, alitaka kunipa mkono mbele ya watu na kukiri kwamba nimemshinda. Akaja kwa nyuma, upande wa kushoto, pale pasipokuwa na ukuta. Akanitolea salamu. Sikuitika. Akanitolea ya pili. Mie natazama uwanja, natabasamu peke yangu. Akatoa ya tatu, ile ya kumaliza, watu wote wanaona. Kisha akageuka akaenda zake.

Sikujua kitu. Nilikwenda nyumbani nikalala usingizi mtamu.

Kwetu, mtu akikunyima salamu mara tatu hadharani amekukata. Bwana Athmani alirudi Mambrui akasema Bi Riziki amemfungia mlango kwa ajili ya ile mashine, na ana haki. Siku ya tatu akaja mkewe na sinia ya halua, akaketi, akanizunguka kwa maneno nisiyoelewa yanakoelekea. Nikamjibu wote wazima. Siku ya tano akaja mjomba wake, mtu mzima kabisa, akaketi mbele yangu barazani, namshukuru Mungu alikaa mbele, akasema nikiwa namsoma mdomo, "Mwanangu, kijana wetu hali chakula. Kama alikukosea, mtoze faini utakayo, lakini itika salamu yake. Kufa kupo."

Ndipo nikajua kilichotokea.

Sasa angalieni mahali nilipofika. Nikisema ndiyo, nilikuwa nimekasirika, tutapatana leo, watu watakula halua, na kiti changu kitabaki. Ni uongo mdogo, tena umeletwa mpaka barazani kwa sinia. Nikisema kweli, mwenye kiti ni kiziwi na kesho hana kazi. Nilitamani kuukubali ule uongo, siwafichi. Lakini nikikubali nitakuwa nimemhukumu mtu kwa kosa asilolifanya. Nikaikumbuka sheria ya mwalimu wangu. Sahani isiyo yako ishushie bunduki. Ukiipiga tu, umeikubali.

Nikachukua buibui langu, nikaongozana na yule mzee mpaka Mambrui.

Bwana Athmani alitoka, akasimama mbali kidogo kama mtu asiyejua kama atapokewa. Safari hii salamu niliitoa mie. Nikamwambia, "Sikukunyima, Bwana Athmani. Sikuisikia. Sikio la kushoto limekufa miaka minne sasa, na hili jingine lanifia."

Akauliza, "Na zile sahani mia na ishirini na tano?"

"Nilizisikia kwa macho."

Akaketi chini kwenye ngazi ya nyumba yake, na kanzu yake isiyo na kunjo. Niliona mabega yake yanatetemeka, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kisha akalia kweli, kisha nikamwona anawaza. Alipoinua uso alisema taratibu, mdomo wazi nipate kuusoma, kwamba yeye alikuwa ametafuta dunia nzima kitu kinachosikia kila kitu, kumbe alichohitaji kilikuwa mtu anayejua cha kutosikia.

Kiti hakikuchukuliwa. Kilirudishwa ukutani. Lakini kwa masharti mawili, na yote aliyaweka yeye: nisomeshe mwingine, na kuanzia siku ile asiingie mtu uwanjani, mpigaji, mwandishi wala mfagiaji, bila vifunika masikio. Nikamsomesha Kadzo, binti wa Kaloleni, hodari kuliko mie. Mashine za siku hizi zimetengenezwa vyema, haziitiki tena salamu za wazee, na Kadzo hutumia mashine siku za kawaida na kidole siku za kombe. Sina kinyongo nazo.

Ila nina uchungu, na huo nawaambia wazi. Mjukuu wangu anasoma juzuu kwa sauti ambayo watu wote wa mtaa wanaisifu, nami namtazama taya. Mvua ikinyesha juu ya makuti najua kwa harufu. Vile vifunika masikio mtakavyopewa, mkaviona vinaharibu nywele zenu, vaeni. Nyama ya sikio haioti tena, na hodari wa kusoma mataya ni mtu aliyepoteza kitu, msimwonee gere.

Haya, nendeni kazini. Na mkirudi jioni mkapita hapa barazani, mkanisalimu kwa nyuma nisiitike, msiende nyumbani na roho nzito mkasema bibi ametukata. Zungukeni mbele, mnisalimu tena. Nitaitika, na za nyuma zote nitazilipa.